Ukuta wa Nyuma

Jumatatu, Machi 2

Mvua ya kwanza leo. Imenyesha dakika kumi ikakatika, kama mgeni aliyekosea mlango.

Mhariri wa gazeti amepiga simu asubuhi. Anataka makala kumi na mbili za ukurasa wa Jumapili, "za sikukuu, za historia, na vile vijambo vyako vya ajabuajabu." Nikamkumbusha kwamba mimi ni mwandishi wa riwaya. Akanikumbusha kwamba riwaya yangu ya mwisho ilitoka miaka sita iliyopita, na wapo wasomaji wanaodhani nimeshazikwa. Nimekubali.

Ya kwanza ninayo tayari. Wiki yetu ina siku mbili za tano. Ukihesabu kutoka Jumamosi, Jumatano ni ya tano, jina lake lenyewe linasema. Kisha inafuata Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, ila wao wanahesabu kutoka Jumapili. Tumeishi na tano mbili miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyelalamika. Nilimsomea dada yangu akiwa anamenya viazi.

"Kwa hiyo ya sita haipo?" akauliza.

"Haipo."

"Ndiyo maana. Nilijua kuna siku naibiwa."

Dada ni mkunga mstaafu. Mtaa mzima unamwita Sista, na nusu ya mtaa huo ilipokelewa na mikono yake. Tunaishi wawili katika nyumba waliyotuachia wazazi: vyumba vitatu, jiko, na uani ukuta mrefu wa mawe unaozuia mlima usituingilie. Juu yetu kuna nyumba nyingine nane, moja juu ya nyingine, zimeunganishwa na ngazi za saruji zinazoshuka hadi barabarani. Ukikohoa huku chini, wa juu wanakupa pole.

Jumapili, Machi 8

Makala imetoka. Nilimwekea Sista gazeti mezani, akalisukuma taratibu kuelekea kwangu.

"Nisomee."

"Macho yako yako wapi?"

"Yamestaafu pamoja nami."

Kila mara ni hivyo. Nimeandika vitabu vinne na hajafungua hata kimoja mbele yangu kwa miaka miwili sasa. Nilisoma, lakini kwa kinyongo.

Jumatano, Machi 11

Mvua tangu alfajiri. Mlango wa chumba changu unakwaruza sakafu, haufungi. Fundi wa nyumba ya pili kutoka juu alikuja na randa, akaupunguza kwa chini. "Mbao zimevimba kwa unyevu, mama," akasema. Ni mtu wa maneno machache na suruali yenye viraka magotini. Alifanya kazi dakika ishirini, na nusu ya muda huo alikuwa anautazama ukuta wa uani badala ya mlango.

Jumamosi, Machi 14

Mvua. Makala ya pili: kwa nini saa zetu zinaanza asubuhi. Wengine wanaanza kuhesabu katikati ya usiku. Sisi tunasubiri jua lichomoze ndipo tuseme moja. Tuna akili. Nani ahesabu saa akiwa amelala?

Jumamosi, Machi 21

Nilikwenda uani kuanua nguo na nikaona mstari kwenye ukuta wa nyuma, kuanzia chini karibu na pipa la maji, ukipanda kwa kupindapinda hadi juu. Nilidhani ni njia ya mchwa. Nikapitisha ukucha, ukucha ukaingia.

Nilimwita Sista. Alisimama mlangoni, mkono kwenye mwimo, uso umeelekea ukutani.

"Uko wapi huo ufa?"

"Huo hapo, mbele yako."

"Mimi sioni ufa wowote," akasema, akarudi ndani.

Jumatatu, Machi 23

Fundi kaja kuziba. Nikamtania kwa methali, kwamba asipoziba ufa atajenga ukuta. Hakucheka. "Methali hiyo ni ya ukuta wa nyumba, mama. Huu umeegemewa na mlima." Kisha akapaka saruji, na juu yake akabandika vipande vitatu vya kioo, vyembamba kama vidole, vikivuka ufa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilidhani ni urembo wa kifundi. Sikuuliza.

Jumatatu, Machi 30

Mlango umekwama tena. Huu mwezi umenipunguzia mlango, ukiendelea hivi nitabaki na bawaba.

Alhamisi, Aprili 2

Niandike kwa mpangilio.

Nilikwenda maktaba kutafuta sikukuu zilizosahaulika, zile zilizokuwamo kwenye kalenda zikafutwa kimyakimya. Mtunza kumbukumbu, bibi mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kichwani, alinitolea majalada ya magazeti ya zamani. Nilifurahi kama mtoto. Nikaipata: siku moja ya mwezi wa tano, miaka sitini na tatu iliyopita, ofisi na shule zilifungwa kwa maombolezo. Siku hiyo ilikumbukwa miaka minne, kisha ikaondolewa kwenye kalenda bila maelezo.

Maombolezo ya nini? Nikafunua ukurasa wa pili. Mteremko ulikuwa umeporomoka na kufukia nyumba kumi na moja. Mlima ni huuhuu wetu, upande wa mashariki, pale ambapo leo pana msitu na watu hukata kuni bila kujua wanakanyaga paa za nani.

Kuna mwanamke aliyenusurika, mwandishi wa habari alimnukuu. Nimenakili maneno yake: "Milango ilikataa kufunga mwezi mzima. Maji yaliyotoka mlimani yakawa tope, halafu yakakauka ghafla huku mvua ikinyesha. Tulidhani ni nafuu."

Nilifunga jalada. Bibi wa miwani miwili akaniuliza kama nimepata nilichotafuta. Nikasema ndiyo, nikasahau mwavuli wangu.

Jumamosi, Aprili 4

Nimemweleza Sista kila kitu. Alisikiliza hadi mwisho, akimimina chai polepole, kidole chake kikiwa kwenye ukingo wa kikombe, tabia aliyoanza siku hizi na inayonikera.

"Mdogo wangu," akasema, "unakumbuka mwaka wa gesi?"

Nilijua atanirudishia hilo. Mwaka wa gesi nilisikia harufu, nikapiga kengele ya hatari, nikawatoa watu wote ngazini, nikaita gari la zimamoto. Yalikuwa mayai viza ya jirani yetu Mshonaji, aliyoyasahau nyuma ya cherehani. Tangu siku hiyo naitwa Mama Zimamoto. Watoto wakiniona wanapuliza ving'ora kwa midomo.

"Hii si mayai, Dada."

"Kazi yako ni kutunga. Kichwa chako hakijui likizo."

Jumatatu, Aprili 6

Mvua. Ukuta una matundu sita ya kutolea maji chini. Yote yanatoa maji masafi. Nimeyatazama mara nne leo.

Alhamisi, Aprili 9

Kipande cha kwanza cha kioo kimepasuka katikati.

Nilimfuata Fundi kwake nikiwa nimewaka. Nikamwambia kazi yake ni ya kulipua, amenipakia saruji ya urembo na vioo vitakavyomkata Sista mkono. Mkewe alikuwa anasikia, na mimi nilipaza sauti kwa makusudi asikie. Fundi alingoja nimalize.

"Kioo hakinyumbuki, mama," akasema. "Ukuta ukisogea kiasi cha unywele, kinapasuka. Nilikiweka kipasuke."

Nilishuka ngazi nikihesabu moja moja, kwa aibu. Sikumwomba radhi. Nilijiambia nitamwomba kesho.

Jumatatu, Aprili 13

Nimepeleka barua manispaa. Karani wa mapokezi akasema mhandisi yuko nje ya ofisi. Nje wapi? "Nje tu." Nikaacha barua, nikaacha namba ya simu, nikaacha na nakala ya gazeti la zamani. Akavipanga juu ya rundo lililokuwa limeegemea dirisha, na rundo lenyewe lilikuwa limeinama.

Jumamosi, Aprili 18

Siku tano bila kulala vizuri. Nalala na viatu. Mvua ikiongezeka nashika ukuta wa chumba kwa kiganja, kama unavyompima mtoto homa. Cherehani ya Mshonaji ikianza kupiga huko juu, moyo unaruka, nadhani ni mawe. Sista anakoroma kwa amani chumba cha pili na ninamchukia kwa amani hiyo. Naandika neno hilo ili nilione. Ninamchukia. Anakataa hata kwenda uani kutazama. Anasema magoti. Hajashuka ngazi tangu mwaka mpya, kila kitu nanunua mimi.

Jumapili, Aprili 19

Mhariri ametoa makala yangu ya sikukuu iliyosahaulika. Aya tatu za mwisho, zile za ukuta wetu na milango, hazimo. Badala yake kuna picha ya kalenda.

Nilimpigia. "Dada yangu," akasema, "huu ni ukurasa wa watu kunywea chai. Usiwatie watu hofu Jumapili."

"Niwatie lini?"

"Hiyo ya Sikukuu ya Wafanyakazi naingojea," akasema.

Jumatano, Aprili 22

Kioo cha pili. Ufa sasa unaingiza vidole viwili. Fundi huja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, anapima kwa kijiti, anaandika kwenye kidaftari, anaondoka. Hakuna aliyemtuma. Leo nilimpa chai, akainywa akiwa amesimama.

"Wewe huogopi?" nikamuuliza.

"Naogopa. Nyumba yangu iko juu yako."

"Mbona huwaambii watu?"

"Mimi nikisema wataona natafuta kazi ya kujenga ukuta. Wewe ukisema ni Mama Zimamoto." Akarudisha kikombe. "Angesema Sista, wangesikia."

Jumamosi, Aprili 25

Maji ya matundu yamegeuka rangi. Kahawia, kama chai ya maziwa.

Jumanne, Aprili 28

Nilisimama mbele ya dada yangu nikalia. Nina miaka hamsini na minane, na nililia kama mtoto aliyenyang'anywa. Nilimwomba aseme neno moja tu kwa majirani.

"Nitasemaje kitu nisichokiona?" akajibu, na sauti yake ilikuwa na kitu kipya, kigumu. Nilidhani ni kiburi. Niliondoka mezani.

Alhamisi, Aprili 30

Simu kutoka manispaa, hatimaye. Mhandisi amesoma barua, anasema ni jambo la kuangaliwa. Lini? "Kesho ni sikukuu, halafu wikiendi. Jumatatu asubuhi nipo kwenu." Nilimwambia mlima hauna kalenda. Akacheka kwa adabu.

Makala ya Sikukuu ya Wafanyakazi nimeituma. Nimeeleza jinsi wafanyakazi wa zamani walivyodai saa nane za kazi, nane za kupumzika, nane za kulala, na jinsi wengine walivyokufa kwa kudai hivyo. Ni makala nzuri. Sikumbuki hata sentensi moja.

Mvua haijakatika tangu jana. Siku ya kazi, mchana, mtaa wetu huwa mtupu: watu kazini, watoto shuleni. Kesho kila mtu atakuwa nyumbani.

Jumamosi, Mei 2

Naandika sakafuni, katika darasa la shule ya msingi ya bondeni, kwenye daftari la mazoezi nililopewa na mwalimu wa zamu. Shajara yenyewe ilikuwa mfukoni mwa koti. Imelowa, nitainakili humu baadaye. Nataka jana iandikwe leo, kabla kichwa changu hakijaanza kuipamba.

Saa nne asubuhi nilitoka uani. Vioo vyote vitatu vilikuwa vimepasuka na kimoja kilikuwa kimedondoka. Mvua ilikuwa inanyesha sana, maji yakitiririka juu ya uso wangu, na matundu sita ya ukuta yalikuwa makavu. Hata tone. Nilipiga magoti nikaingiza kidole kwenye la kwanza, nikakitoa na tope gumu.

Nilisikia hatua nyuma yangu. Fundi. Alitazama matundu, hakutoa kijiti chake, akapima ufa kwa vidole na kuandika kwenye kidaftari.

"Mama, leo. Si Jumatatu. Leo."

Tukagawana. Yeye akachukua nyumba za juu, mimi za chini. Kwa Mshonaji wote walikuwa kitandani au mezani, sikukuu: yeye, mumewe, watoto watatu na mama mkwe. Nilipofungua mdomo tu, Mshonaji akashika kiuno.

"Mama Zimamoto! Mayai tena?"

Watoto wakapuliza ving'ora. Mumewe, ambaye hana ubaya, akaniuliza kwa upole, "Sista anasemaje?" Nyumba iliyofuata: "Kwani Sista ameondoka?" Iliyofuata: "Sista yupo?" Kila mlango swali hilohilo. Fundi alishuka tukakutana ngazini, akatikisa kichwa. Hata mkewe mwenyewe alikuwa anafua.

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Sista alikuwa ameketi jikoni, mikono mapajani, redio imezimwa.

"Dada, inuka tuondoke."

"Siondoki kwa ufa nisiouona."

Hapo nilipoteza adabu. Nilimshika mkono, mkubwa wangu, mtu aliyenilea mama alipofariki, nikamvuta kwa nguvu hadi uani kwenye mvua. Alijikwaa kwenye kizingiti alichokivuka miaka sitini. Nikauchukua mkono wake nikausukuma ndani ya ufa.

Uliingia hadi kwenye kifundo.

Sitasahau uso ule. Mikono yake ndiyo iliyokuwa kazi yake. Aliweza kugusa tumbo na kukuambia kichwa kiko wapi. Alivizungusha vidole ndani ya ukuta, polepole, akipima. Akautoa mkono.

"Tangu lini?"

"Tangu Machi! Nimekuambia kila siku!"

Mvua ilimpiga kichwani, naye hakupangusa macho. Yalikuwa wazi kabisa, maji yakiingia.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni. Tangu mwaka juzi yanapungua. Sasa ni mwanga na vivuli tu. Wewe nakujua kwa sauti na kwa sabuni yako."

Kikombe na kidole. Magazeti. Ngazi. Vyote vilinipita kichwani mara moja, nikaona aibu kuliko nilivyowahi kuona hofu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniogopea. Wewe unaogopa hata mayai." Kisha akaninyooshea mkono. "Nipeleke ngazini. Haraka."

Nilimsimamisha kwenye ngazi, katikati, mkono mmoja begani mwangu. Akavuta pumzi, akatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu aache kazi, ile ya kumwambia mwanamke aliyekata tamaa kwamba bado, asukume.

"Tokeni nje! Nyote! Mlima unakuja!"

Milango ikafunguka. Aliwaita mmoja mmoja, na hakutumia majina, alitumia anavyowakumbuka yeye. "Wewe uliyetanguliza miguu! Mbebe mama yako utoke!" Huyo ni mume wa Mshonaji, alitoka bila shati. "Wewe pacha wa pili, mwamshe wa kwanza! Wewe uliyekataa kulia hadi nikakupiga, lia sasa, watu wakusikie!" Hakuna aliyecheka. Watu walishuka na watoto mgongoni, na sufuria, mmoja na pazia ambalo hata yeye hakujua kwa nini amelishika. Mshonaji aliponipita alinishika shavu.

Fundi alimpokea mama mkwe wa Mshonaji kwa mwanawe, akamshusha mgongoni, akamkabidhi chini, akampeleka mkewe hadi kwenye barabara. Nilikuwa nahesabu vichwa. Arobaini na mmoja.

"Nyumba ya juu kabisa," nikasema. "Wale wapangaji wawili."

"Wa zamu ya usiku," akasema Fundi. "Watakuwa wamelala." Akatazama juu, akatazama mkewe, akapanda.

Sikumzuia. Nimejiuliza tangu jana na jibu ni hilo: sikumzuia, na sikufikiria kumzuia, nilishukuru.

Tuliwaona wapangaji wakitoka, mmoja na taulo tu, wakishuka ngazi tatu tatu. Fundi alikuwa nyuma yao. Alikuwa amefika usawa wa nyumba ya Mshonaji.

Sauti haikuwa ya mshindo. Ilianza kama nafaka inayomiminwa kutoka guniani, ikaendelea kumiminwa, haikomi, halafu ikawa kama kitambaa kikubwa kinachochanwa. Miti ilishuka ikiwa imesimama wima. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho: miti ikishuka mlima kwa miguu. Ukuta wetu ulitoka nje katikati kama tumbo, ukafunguka. Nyumba yetu haikuanguka. Ilikuwapo, kisha palikuwa na udongo.

Wapangaji walitufikia. Nyuma yao ngazi ziliishia hewani.

Sista alikuwa ameshika bega langu, vidole vimezama hadi kwenye mfupa.

"Nani amebaki?" akauliza. "Niambie. Nani amebaki?"

Jumapili, Mei 3

Wanachimba. Mvua inanyesha.

Jumatatu, Mei 4

Saa tano asubuhi wamempata. Mhandisi alikuwa amefika, kama alivyoahidi, akiwa na buti mpya na faili langu mkononi. Alivua kofia, akasimama pembeni. Nilitaka kumtukana, nikaona anavyotetemeka kidevu, nikakosa nguvu.

Kidaftari kilikuwa kwenye mfuko wa shati la Fundi. Tarehe na vipimo, kila siku tangu Machi 23. Cha mwisho kimeandikwa asubuhi ya sikukuu: "vidole vinne, mama amejua."

Jumanne, Mei 5

Tumemzika. Mhariri amepiga simu, anataka niandike kila kitu, ukurasa wa kwanza safari hii. Nikamwambia aanze na zile aya tatu alizokata. Akasema atazichapa kama zilivyokuwa, na jina lake chini kwamba ndiye aliyezikata. Sikutegemea hilo kwake.

Jumanne, Mei 12

Tumepanga vyumba viwili mtaa wa bondeni, pasipo na mteremko. Hata hivyo jana nilipima mlango kama unafunga. Unafunga. Niliufunga na kuufungua mara kumi.

Mke wa Fundi alikuja kutusalimia. Nilikuwa nimeogopa siku hii kuliko siku yenyewe ya mlima. Nilimwambia nisamehe, nilimtukana mumeo mbele yako, na sikuwahi kumwomba radhi.

"Alirudi ndani siku ile anacheka," akasema. "Akaniambia, angalau kuna mtu mmoja katika mlima huu anayeogopa kama mimi."

Nilidhani maneno hayo yangenipunguzia. Hayakupunguza.

Sista alikuwa amekaa kitandani akisikiliza. Mgeni alipoondoka hakula. Jioni, jua bado likiwa dirishani, alisema bila kuulizwa, "Ningesema siku tatu tu kabla. Ningesema Aprili, mdogo wangu, siku uliyolia. Watu wangeondoka taratibu, na wale wawili wangekuwa macho."

Ningetaka kusema si kosa lako. Nilisema, "Na mimi ningekushika mkono mapema."

Jumatano, Mei 20

Mvua imekuwa ya manyunyu. Sista hataki daktari. Anasema kwa umri wake macho ni kama meno, yakitoka yametoka. Naandika makala ya vifungo vya nguo: kwa nini vya wanawake viko kushoto. Watu wana nadharia kumi, hakuna aliye na hakika. Nimeandika hivyo: hakuna aliye na hakika.

Jumatatu, Mei 25

Nimemwambia Sista kwamba namwogopea, kwamba nitaendelea kumwogopea hata asiponiambia kitu, na kwamba hofu ya kubahatisha ni mbaya kuliko ya kujua. Ameniuliza kama nimeandika sentensi hiyo mahali kabla ya kuja kumsomea. Nikakiri. Amecheka, mara ya kwanza tangu Mei mosi. Amekubali kwenda kwa daktari.

Jumatano, Juni 3

Jua kali. Matope ya barabarani yamekauka na kupasuka vipandevipande.

Kliniki ya macho ilikuwa imejaa. Sista alivaa gauni la bluu na akakaa wima kwenye benchi, akiwasalimu wauguzi kwa sauti ya mtu wa kazi. Alipoitwa, aliniachia mkono mlangoni, akaingia akigusa ukuta kwa upande wa nyuma wa kiganja, kwa ustadi kiasi kwamba daktari hakuona kitu. Nimeishi naye miaka miwili katika hali hiyo. Sishangai tena kwamba sikuona.

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimketisha na kumwonyesha ubao wa herufi upande wa pili wa chumba. "Tuanze juu, mama. Taratibu tu."

Sista akaanza. Herufi ya kwanza, kubwa. Mstari wa pili. Wa tatu. Alisoma bila kusita, kwa mpangilio, sauti imetulia, na daktari alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika na kuandika. Wa nne. Nilijiuliza kama alinidanganya uani siku ile, au kama Mungu ameamua kufanya jambo.

Katikati ya mstari wa tano akanyamaza.

"Endelea, mama," daktari akasema. "Unafanya vizuri sana."

"Sifanyi vizuri," akasema Sista. "Nimefanya kazi chumba kimoja na ubao kama huo miaka thelathini. Wote ni sawa. Nimeukariri. Mwaka juzi nilimsomea daktari mwingine hivihivi, akanipa cheti, nikarudi nyumbani." Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani, na nilimwona dada yangu, mtu asiyeogopa damu wala maiti wala usiku, akitetemeka mabega. "Hata ukutani hapo sijui ubao uko upande gani."

Daktari aliweka kalamu chini. Nilivuka chumba nikapiga magoti kando ya kiti.

Sista akanitafuta kichwa kwa mkono, akanipata, akauacha mkono pale. Kisha akageuza uso kuelekea sauti ya daktari ilikotokea.

"Anza upya," akasema. "Niulize tena, safari hii nitakujibu."